Sala Iliyokatiwa Tiketi

Kila mwaka, mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, uwanja wa mbio za farasi wa Fair Grounds mjini New Orleans hujaa mahema na majukwaa. Ni Tamasha la Jazi na Urithi, linalokusanya karibu kila tawi la muziki wa asili wa Marekani: jazi, bluzi, zydeco, muziki wa Wakajuni wa vijijini Louisiana, bendi za matarumbeta za mitaani, na vikundi vya Weusi vinavyovaa manyoya na shanga siku ya Mardi Gras. Katika hema moja, linaloitwa Hema la Injili, kwaya za makanisa hupanda jukwaani kutwa nzima, moja ikishuka na nyingine ikipanda, zikimwimbia Mungu. Wanaosikiliza wamelipa kiingilio. Wamo waumini na wamo wasioamini chochote, na wengi wao wameshika bia. Ardhi yenyewe, siku nyingine za mwaka, ni ya kamari. Je, kinachofanyika ndani ya hema lile bado ni ibada, au ni ibada iliyogeuzwa kuwa burudani na hivyo kufa ikiwa ingali na sauti nzuri? Nashikilia kwamba yaweza kuwa ibada kamili. Wanaoikana huutafuta unajisi jukwaani, kwenye bia na kwenye noti za dola, na kwa kuutafuta huko wanaupita ule unaostahili kuwaudhi.

Pingamizi la kwanza, nalo ndilo jepesi, ni la mahali na pesa: wimbo mtakatifu una nyumba yake, na ukitolewa humo ukawekwa sokoni umechafuliwa. Historia ya New Orleans haiukubali utenganisho huo. Sheria ya utumwa ambayo Wafaransa waliitangaza Louisiana mwaka 1724 ilikataza kuwafanyisha watumwa kazi Jumapili, na siku hiyo watumwa wakawa wanakusanyika pembezoni mwa mji. Mwaka 1817 baraza la mji liliamuru wakusanyike mahali pamoja tu, patakapoteuliwa na meya. Pakawa kiwanja kilicho nyuma ya mji, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Congo Square. Msanifu majengo Benjamin Latrobe alipita hapo mwaka 1819, akakisia umati wa watu mia tano au sita, akachora ngoma walizopiga na chombo cha nyuzi kilichotengenezwa kwa kibuyu. Walicheza na kuimba kwa lugha za kwao, na hapohapo waliuza mazao ya vishamba vyao na vitu walivyovisuka au kuvichonga kwa mikono. Mtu aliyetaka kuikumbuka miungu ya babu zake, aliyetaka kumwona ndugu aliyeuzwa kwa bwana mwingine na aliyetaka kuuza kuku, wote walikwenda mahali pamoja kwa sababu hapakuwa na pengine waliporuhusiwa kwenda. Usafi wa mahali ni anasa ya watu wenye mahali pengi. Anayedai kwamba wimbo wa Weusi wa Marekani hauwezi kukaa karibu na soko bila kufa, anadai kwamba ulizaliwa mfu.

Kiwanja hichohicho ndicho kilichopokea tamasha la kwanza, Aprili 1970, na jina rasmi la kiwanja wakati huo linastahili kukumbukwa. Mwaka 1893 mji ulikuwa umekipa jina la Jenerali Beauregard, mmoja wa makamanda wa majimbo ya Kusini yaliyopigana ili utumwa ubaki. Jina la Congo lilirudishwa rasmi mwaka 2011 tu. Mwandaaji George Wein, aliyeanzisha tamasha la jazi la Newport mwaka 1954, alikuwa amefuatwa na watu wa biashara ya hoteli wa New Orleans tangu mwaka 1962, lakini sheria za ubaguzi ziliuzuia mpango. Wanamuziki Weusi na Weupe wasingeweza kulala hoteli moja, na ndoa ya Wein na mkewe Joyce, aliyekuwa Mweusi, ilikuwa kosa la jinai mbele ya sheria za Louisiana hadi Mahakama Kuu ya Marekani ilipozifuta sheria za namna hiyo mwaka 1967. Tamasha lilipofanyika hatimaye, kiingilio kilikuwa dola 3, na wasikilizaji, kwa masimulizi ya waliokuwapo, walikuwa wachache kuliko wanamuziki. Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi ya jazi, alikuwapo. Mahalia Jackson alikuwapo pia, mwana wa mji huo aliyezaliwa mwaka 1911 na kuhamia Chicago akiwa msichana, mwimbaji wa injili aliyekataa maisha yake yote kuimba bluzi au kuimba kwenye vilabu vya usiku. Bendi ya matarumbeta ya Eureka ilikuwa ikipita kiwanjani, Wein akampa Mahalia kipaza sauti, naye akaimba pamoja nao “Just a Closer Walk with Thee”, wimbo wa kanisani ambao bendi za New Orleans huupiga zikimsindikiza maiti makaburini.

Huyo ni mwanamke aliyekuwa mkali kuhusu kile asichokiimba, na hakusita kuimba hapo. Tendo lake ni ushahidi, ila halimalizi shauri. Watakatifu nao hukosea, na pingamizi lililo zito zaidi halimo katika soko wala bia. Limo ndani ya Biblia yenyewe. Zaburi ya 137 inasimulia mateka wa Yuda walioketi kando ya mito ya Babeli, wakiwa wametundika vinubi vyao mitini, na watekaji wao wakiwataka wawaimbie mojawapo ya nyimbo za Sayuni ili wafurahi. Mateka wanauliza watauimbaje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa na kuwa msemaji mkuu wa kuukomesha, aliichukua Zaburi hiyo mjini Rochester mwaka 1852, alipoalikwa kuhutubia sherehe za uhuru wa Marekani, akawaambia waliomwalika kwamba wanamtaka mateka awachekeshe. Miaka saba kabla, katika kitabu cha maisha yake, alikuwa ameandika kwamba wanaozisikia nyimbo za watumwa na kudhani ni dalili ya kuridhika wamekosea kabisa; kila sauti ilikuwa ushuhuda dhidi ya utumwa na dua kwa Mungu awaokoe. Ukiunganisha maneno yake hayo mawili, Hema la Injili lina kesi ya kujibu. Wajukuu wa walioteka wanalipa ili wajukuu wa mateka wawaimbie nyimbo za Sayuni, na wanaondoka wamefurahi.

Pingamizi hili si la kusukumwa kando kwa kusema nyakati zimebadilika. Walioishi karibu zaidi na utumwa walilihisi hasa. Chuo cha Fisk cha Nashville, kilichofunguliwa mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, kilikuwa kinakaribia kufungwa kwa madeni mwaka 1871, na mtunza hazina wake, George White, akaondoka na kundi la vijana tisa kwenda kuimba ili kupata pesa. Mwanzoni programu yao ilijaa nyimbo za Kizungu za kumbi za muziki. Nyimbo za wazazi wao hawakutaka kuzitoa mbele za watu. Ella Sheppard, aliyezaliwa utumwani mwaka 1851 na kuwa mpiga piano na mhimili wa kundi, alieleza baadaye kwamba nyimbo zile zilikuwa takatifu kwa wazazi wao, walioziimba katika ibada zao, na zilibeba giza la utumwa ambalo vijana walitaka kulisahau. Hata hivyo wakaziimba, kwanza wao kwa wao, kisha hadharani, hatimaye mbele ya Malkia Victoria mwaka 1873. Pesa walizopata zilijenga Jubilee Hall, jengo kubwa la chuo lililofunguliwa mwaka 1876, na bado limesimama. Kwa hiyo wimbo wa kiroho wa Weusi wa Marekani, kama dunia inavyoujua, umeujia umma kwa njia ya tiketi. Makanisa mengi yaliupokea kutoka ukumbini. Anayesema tamasha limeuiba kutoka madhabahuni ameigeuza nusu nzima ya safari.

Lakini je, Ella Sheppard na wenzake walifanya kile ambacho mateka wa Babeli walikataa? Hapa ndipo Zaburi inapotaka kusomwa hadi mwisho. Mateka wanakataa kuimba, kisha wanaapa kwamba wakiusahau Yerusalemu, mkono wa kuume upoteze uwezo wake na ulimi ushikamane na kaakaa. Kukataa kwenyewe kumekuwa wimbo. Kwa karne zaidi ya ishirini masinagogi na makanisa yameuimba wimbo unaosema kwamba hatuimbi. Basi kilichokataliwa hakikuwa kutoa sauti mbele ya wageni. Watekaji walitaka wimbo wa Sayuni uliokatwa kutoka Sayuni, furaha isiyo na mji ulioteketezwa ndani yake. Walichopewa ni wimbo uliobeba mji wote, pamoja na hasira na laana katika aya zake za mwisho, ambazo wasomaji wengi wa kanisani huziruka kwa aibu. Kipimo ninachokiona hapo ni hiki: wimbo mtakatifu unaweza kuimbwa mbele ya yeyote, hata adui, mradi hautenganishwi na kumbukumbu inayoudai. Fisk walikipita kipimo hicho. Waliimba utumwa mbele ya watu waliokuwa na sababu zote za kutaka kuusahau, wakarudi na jengo.

Lipo pingamizi jingine, la wanafalsafa, na nalipa uzito kuliko lile la mahali na pesa. J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda: kuahidi, kuapa, kubatiza, kufunga ndoa. Akaongeza kwamba maneno hayo yakisemwa na mwigizaji jukwaani yanakuwa matupu. Mwigizaji anayeoa katika mchezo harudi nyumbani na mke. Sala ni ya jamii hiyo ya maneno. Anayesema “nakutumainia” haelezi habari, anajikabidhi. Kama jukwaa linabatilisha kiapo, kwa nini lisibatilishe sala? Kwaya iliyopangiwa dakika zake kwenye ratiba ya tamasha, kati ya kundi lililotangulia na lile linalosubiri nyuma ya pazia, imo jukwaani kwa kila maana ya neno. Kwa hoja hii, hata kama kila mwanakwaya ni mcha Mungu, tendo lao la saa ile ni mfano wa sala tu.

Jibu linapatikana katika ugomvi ambao makanisa yenyewe yamekuwa nao na waimbaji wao. Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915 na kulelewa na mama mhubiri, alipoanza mwaka 1938 kuimba nyimbo za injili kwenye Cotton Club ya New York, mahali pa pombe na dansi, waumini wengi walimwona msaliti. Ellington alipotoka kufanya tamasha lake la kwanza la muziki mtakatifu katika Grace Cathedral ya San Francisco mwaka 1965 na kulipeleka Washington mwaka uliofuata, umoja wa wachungaji wa Kibaptisti wa mji ule ulikataa kumuunga mkono, wakisema maisha yake hayalingani na anachokiimba. Wachungaji wale huenda walikosa upole, lakini angalia hukumu yao inasimama juu ya nini. Hakuna anayemshutumu mwigizaji wa mfalme kwa kutokuwa mfalme. Shutuma dhidi ya Tharpe na Ellington ina maana pale tu maneno waliyoyatoa jukwaani yalipowafunga kama maneno yao wenyewe. Mwigizaji wa Austin huongea kwa jina la mtu mwingine. Mwimbaji wa injili huimba kwa jina lake, na jamii iliyomlea humdai maisha yafanane na wimbo, iwe ameimba kanisani, klabuni au katika hema la uwanja wa farasi. Kwa kukasirika kwao, makanisa yametoa ushahidi kwamba jukwaa halikubatilisha kitu. Ndiyo maana pia Mahalia Jackson aliweza kuimba Sala ya Bwana kwenye tamasha la Newport mwaka 1958, usiku ukiwa umevuka kuingia Jumapili, mbele ya umati uliokuja kusikiliza jazi, na asione kwamba ameichezea. Hakuwa akimwigiza mtu anayesali.

Labda mtu atasema: basi sala ipo kwa mwimbaji, lakini msikilizaji je? Yeye amekuja kustarehe. Hofu hii ni ya kale. Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, anakiri kwamba ilitokea akaguswa na sauti kuliko maneno yanayoimbwa, akajiona ametenda dhambi, akatamani asingesikia kabisa. Lakini anakumbuka pia machozi aliyoyamwaga kwa kusikia nyimbo za kanisa siku za mwanzo za imani yake, na mwishoni, kwa kusitasita, anaikubali desturi ya kuimba kanisani ili kwa utamu wa masikio roho iliyo dhaifu iinuke. Kinachonigusa katika kukiri kule ni mahali: Augustino alikuwa kanisani. Hatari ya kuonja utamu na kuacha maana ilikuwa pale pale chini ya madhabahu, bila tiketi na bila bia. Ikiwa starehe ya msikilizaji inabatilisha ibada, basi ibada nyingi za Jumapili zimebatilika, na kwaya nyingi zinazopigiwa makofi na washirika wao wenyewe zijiulize zinamwimbia nani. Thomas Dorsey aliyafahamu haya kuliko wengi. Alikuwa mpiga piano wa bluzi zenye maneno machafu kabla hajawa baba wa muziki wa injili, na mwaka 1932, baada ya mkewe Nettie kufa akijifungua na mtoto kumfuata, alitunga “Take My Hand, Precious Lord”. Makanisa makubwa ya Weusi ya Chicago yaliukataa muziki wake kwanza kwa sababu ulikuwa na mwendo wa bluzi. Utamu uliowaogofya ndio uliowafikisha watu kwenye maneno ambayo bila utamu huo wasingeyavumilia.

Namjibu Augustino hivi, lakini Zora Neale Hurston simjibu kwa wepesi huo. Mwandishi huyo na mwanaanthropolojia, aliyekulia Eatonville, mji wa Weusi wa Florida, aliandika mwaka 1934 kwamba kile kinachoitwa nyimbo za kiroho kumbini si nyimbo za kiroho halisi, na chimbuko la mabadiliko hayo alilitaja kuwa Fisk. Wimbo halisi, kwa maelezo yake, hauimbwi mara mbili kwa namna ile ile. Unaundwa palepale na watu wanaotafuta kutoa hisia zao, wala hawashughuliki na uzuri wa mlio. Katika kanisa la aina anayoielezea, wimbo huisha Roho anapoachilia. Katika Hema la Injili huisha saa inapofika. Hilo ni pungufu la kweli, na nalikubali. Ibada inayojua mapema itamalizika dakika ngapi imemwondolea Mungu haki ya kuchelewesha. Lakini nakataa hatua ya pili, ya kusema kwamba kilichobaki ni ganda. Wanaoongoza hema lile wametoka ndani ya desturi yenyewe. Kwa miongo kadhaa mpangaji wake alikuwa Sherman Washington, kiongozi wa Zion Harmonizers, kundi la New Orleans lililoanzishwa mwaka 1939. Alifariki mwaka 2011. Kwaya za makanisa ya mtaani ndizo zinazolijaza jukwaa. Kanisa la Kibaptisti la Franklin Avenue, ambalo kwaya yake imezoeleka humo, lilifunikwa na maji ya kimbunga Katrina mwaka 2005, washirika wake wakatawanyika hadi Houston na kwingineko. Waimbaji wa kanisa kama hilo wakiimba juu ya maji na kuvushwa, ratiba haiwezi kuwageuza waonyeshaji wa mambo ya kale. Wimbo umefupishwa, lakini haujatenganishwa na wanachokikumbuka.

Asiyeamini aliyekaa safu ya tatu na kutokwa machozi bila kujua kwa nini ana tatizo lake, na wahubiri wasilimalize haraka kwa kusema kwamba Mungu amemgusa. Amesikia watu wakimwambia mwingine, ambaye yeye hamwamini, mambo ambayo hawajamwambia yeye. Yuko kama mgeni aliyepita mlangoni akasikia mtu akimlilia mzazi wake. Si lazima amjue mzazi ili ajue kwamba kilio ni cha kweli, lakini baada ya kukisikia hawezi kujifanya hakukisikia. Nadhani hapa ndipo ilipo maana ya ushuhuda mbele ya wasioamini. Douglass aliziita nyimbo zile ushuhuda na dua kwa pamoja, na ushuhuda unahitaji wa kuusikia. Dua inamwelekea Mungu. Ushuhuda, kwa dua hiyohiyo, unamwelekea yeyote aliye karibu na kumpa wajibu. Msikilizaji wa tamasha hatakiwi kuokoka ili wimbo uwe ibada. Lakini akishasikia ushuhuda juu ya utumwa, juu ya mafuriko, juu ya mtoto aliyezikwa na mama yake, kuna jambo anadaiwa na watu waliomwimbia, na kiingilio alicholipa hakijalifuta.

Kwa hiyo tuyahukumu matamasha kwa deni hilo, na hapo New Orleans ina ya kusifiwa na ya kulaumiwa. Tamasha ni mali ya wakfu usiotafuta faida, na pesa zake zinaendesha shule ya muziki isiyotoza ada kwa watoto wa mji, kituo cha redio cha WWOZ, misaada kwa bendi za shule, na matamasha madogo ya bure, likiwamo la ngoma katika Congo Square yenyewe. Jambo hilo linafanana na Jubilee Hall, na nalihesabu kuwa sehemu ya ibada kwa maana kamili. Lakini mji ulioanza kusherehekea muziki huu mwaka 1970 ulikuwa katika miaka hiyohiyo ukibomoa nyumba za Tremé, mtaa wa Weusi unaopakana na Congo Square, ili kupata nafasi ya kile kilichokuja kuwa bustani yenye jina la Louis Armstrong, na mwaka 1966 mialoni iliyotia kivuli barabara ya Claiborne, mahali pa gwaride na biashara za Weusi, ilikatwa ili barabara kuu ya magari ipite juu. Ndivyo Babeli inavyoomba nyimbo za Sayuni: wimbo uletwe, nyumba ulikotoka zivunjwe. Hakuna bia iliyomwagika katika Hema la Injili inayokaribia unajisi huo, na nashangaa ni mahubiri mangapi yamehubiriwa juu ya bia.

Siku hizi kiingilio cha siku moja kinakaribia dola 100 au kuzidi, ingawa kuna siku ambayo wakazi wa Louisiana hupunguziwa bei. Watetezi watajibu, kwa haki, kwamba wanamuziki lazima walipwe, kwamba mvua ya siku mbili inaweza kula akiba ya mwaka, na kwamba mwimbaji wa injili aliyelipwa vizuri ni haki iliyochelewa baada ya karne ya wachungaji na makampuni ya rekodi kumlipa kwa baraka. Nayakubali yote, na siombi tamasha life maskini. Lakini ibada ina sharti ambalo burudani haina: waliomo ndani ya wimbo wawe na njia ya kuufikia. Mama mzee anayeishi mitaa michache kutoka Fair Grounds, aliyewafundisha nusu ya wanakwaya katika shule ya Jumapili, yumo katika kile wanachokiimba kuliko mgeni yeyote aliyeruka kutoka Boston. Kama uzio unamwacha nje kwa sababu ya bei, kwaya inamwimbia Mungu bila yeye na mbele ya watu wasiomjua mama huyo, na hapo ndipo wimbo unapoanza kukatwa kutoka Sayuni yake, hata kama kila noti imeimbwa kwa imani. Wakfu unaoweza kuendesha shule ya bure unaweza kulifungulia kila kanisa lililoleta kwaya lango siku ya zamu yake, washirika wote, wazee kwa watoto, bila kuuliza nani ana tiketi.